Meno Yaumanayo na Meno Yaingianayo: Maelezo Juu ya Shafti za Pikipiki za Zamani na Mafuta Yake, Masasi na Newala

Katika msamiati wa mafundi wa pikipiki, jino ni neno lililobebeshwa mizigo mingi. Gia ina meno, sproketi ina meno, na shafti nayo ina meno. Mtu asiyeijua kazi huyasikia yote kuwa ni meno tu, na hata fundi mwanafunzi huyachukua hivyo hivyo, mpaka siku atakapoletewa pikipiki ambayo injini yake yanguruma vizuri, gia imeingia, klachi imeachiwa, na gurudumu la nyuma halina habari. Mafuta ya injini ni mapya, mafuta ya gia yamefika kipimo, petroli imo. Kilichokufa ni meno ambayo hayakupakwa kitu kwa miaka mingi, kwa kuwa mwenye pikipiki aliambiwa kwamba meno yake yako ndani ya mafuta. Naye aliambiwa kweli, ila habari ile ilikuwa ya meno mengine.

Makala hii yahusu meno hayo ya shafti: ni kitu gani, kwa nini hutaka mafuta ya namna yake peke yake, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuyatenga na ndugu zake bila kutunga nomino mpya. Mfano mkuu ni pikipiki za zamani ziendeshwazo kwa shafti badala ya mnyororo, na nchi iliyochukuliwa kuwa mahali pa mfano ni ya Masasi na Newala, ambayo kwa mchanga wake na miteremko yake huyajaribu meno hayo vikali.

Masasi iko chini, magharibi ya uwanda wa juu wa Makonde, katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda huo, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula na kulitazama bonde la Ruvuma. Hapo ndipo penye Shimo la Mungu, ambalo wageni hupelekwa kulitazama. Udongo wa juu ni mchanga mwekundu unywao mvua upesi, hata uwanda hauna mito na maji yamekuwa shida ya wenyeji tangu zamani. Mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi iliyosalia ni ya vumbi. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi ina urefu wa kilometa 210. Kipande chake cha kwanza kutiwa lami kilikuwa cha kilometa 50, kutoka Mtwara mpaka Mnivata. Mbele ya hapo pikipiki zilikwenda juu ya udongo mtupu kwa miaka mingi. Atokaye Masasi kwenda Newala hupanda ukingo kwa gia ya chini, injini ikivuta kwa nguvu zote, na arudipo huteremka injini ikizuia. Jambo hili la kupanda na kuteremka lina maana katika habari ya meno, kama itakavyoonekana.

Pikipiki ya shafti si kitu kipya. Kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilitoa mwaka 1905 pikipiki ya silinda nne iliyobuniwa na Paul Kelecom, ambayo nguvu yake ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti. Mwaka 1923 kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilitoa R32, kazi ya Max Friz, na tangu hapo shafti ikawa kama alama ya kiwanda hicho. Wajapani walifuata baadaye. Honda GL1000 ya mwaka 1975 na Yamaha XS750 ya mwaka 1976 zote ni za shafti. Katika Masasi na Newala pikipiki nyingi ni ndogo na ni za mnyororo, yaani cheni kama isemwavyo na wengi. Lakini tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 juu ya mto Ruvuma, Masasi imekuwa njiani pa wasafiri wa masafa marefu waendao Msumbiji au watokao huko, na wasafiri wa namna hiyo ndio wapendao pikipiki za shafti, hata zile za zamani, kwa sababu hazina mnyororo wa kukatika wala wa kujaa mchanga. Faida hiyo ni ya kweli, ila ina udanganyifu wake. Mnyororo hulia ukikauka, na mwenyewe huusikia. Meno ya shafti hayalii, wala hayaonekani mpaka gurudumu lifunguliwe.

Ili meno yenyewe yaeleweke, yafaa kufuata njia ya nguvu katika pikipiki ya BMW ya miaka ya 1970. Injini huzungusha klachi kavu yenye sahani moja. Katikati ya sahani hiyo mna tundu lenye meno kwa ndani, na ndani ya tundu huingia shafti ya giaboksi yenye meno kwa nje. Sahani na shafti huzunguka pamoja, lakini sahani sharti iweze kuteleza mbele na nyuma juu ya shafti kila mara klachi inapobanwa na kuachiwa. Kutoka giaboksi nguvu hupita katika shafti ndefu iliyo ndani ya bomba, ambamo mna mafuta, mpaka gia za nyuma, nazo zimo ndani ya mafuta yake. Mwisho, kutoka gia za nyuma huchomoza kitovu chenye meno kwa nje, na gurudumu, ambalo lina meno kwa ndani, huvishwa juu yake. Basi katika njia yote hiyo mna mahali pawili ambapo meno ni makavu, hayafikiwi na mafuta yoyote ila yale yaliyopakwa kwa mkono: katika sahani ya klachi na katika kitovu cha gurudumu la nyuma. Hapo ndipo pikipiki hufa.

Sasa habari ya lugha. Kutumia jino kwa kitu chochote kilichochongoka katika safu ni desturi ya zamani ya Kiswahili; msumeno una meno, reki ina meno, kitana kina meno. Desturi hiyo haimshangazi msemaji wa Kiyao, Kimakonde au Kimakua, kwa kuwa wingi wake, meno, ni ule ule katika lugha hizo za wenyeji. Hata hivyo mhandisi hutaka tofauti, na mtu afasiriye kitabu cha pikipiki hushawishika kuazima neno la Kiingereza na kuandika splaini, au kutafuta jina jingine kama vile mifuo. Mapendekezo haya yote mawili yana upungufu. Splaini haimwambii mwanafunzi lolote, na mfuo ni bonde lililo kati ya meno, si jino lenyewe. Tena mafundi hawataliacha neno meno, kwa maana lina haki: kitu chenyewe ni meno kwa macho.

Tofauti hupatikana vizuri zaidi katika kitenzi. Meno ya gia huumana: jino moja humwuma mwenzake kwa dakika ndogo, likaachana naye, na jingine likaja mahali pake. Meno ya sproketi hushika: hudaka pingili ya mnyororo na kuiachia upande wa pili. Meno ya shafti hayaumani wala hayashiki na kuachia. Yote huingia kwa mara moja ndani ya mabonde ya mwenzake, na yote hubeba mzigo kwa pamoja, bila kuachana mpaka fundi ayatenge. Meno haya huingiana. Neno kuvaana lingependeza, kwa kuwa gurudumu huvishwa kitovu kama kanzu. Lakini waandishi wa habari za michezo wamekwisha kulitumia sana kwa timu mbili zinazopambana, na msomaji angefikiri meno yanapigana. Kuingiana kumesalimika na dosari hiyo. Mtu akisema meno yaumanayo na meno yaingianayo, amekwisha kutenga vitu viwili vilivyo mbali sana katika kazi, na hakuongeza neno hata moja katika kamusi.

Tena kitenzi huleta pamoja nacho habari ya mafuta. Meno yaumanayo huteleza na kubingirika daima, na mafuta mepesi yaliyo chini yake huchukuliwa juu kila mzunguko. Kwa hiyo yatosha kuyatia mafuta ndani ya sanduku lake. Meno yaingianayo hayabingiriki. Huonekana kana kwamba hayaendi kabisa, na mtu aweza kuuliza kitu kisichokwenda chahitaji mafuta ya nini. Jibu ni kwamba huenda, ila kwa mwendo mdogo mno usioonekana kwa macho. Kati ya jino na bonde lake hapana budi kuwe na nafasi kidogo, la sivyo gurudumu lisingeweza kuvishwa. Dereva afunguapo petroli, jino hulala upande mmoja wa bonde. Afungapo, hulala upande wa pili. Mtetemo wa injini na wa barabara huongeza msuguano wake. Chuma kikisuguana na chuma mahali pamoja, mara elfu kwa elfu, bila mafuta kupata njia ya kurudi, ngozi yake hubanduka kwa chembe ndogo sana, chembe hizo hugeuka kutu, na kutu hiyo, iliyo ngumu kuliko chuma chenyewe, huwa kama msasa.

Alama ya ugonjwa huu ni unga mwekundu, mwembamba kama ngano iliyosagwa. Hapa nchi ya Newala humtega fundi. Katika nchi ya udongo mweusi unga mwekundu ungemshtua. Juu ya uwanda wa Makonde kila kitu kilichofunguliwa kina unga mwekundu, naye huupuliza tu akaendelea na kazi. Vumbi la barabara hutoka nje kuja ndani: hulala juu ya mpira wa kukinga, pembeni na kwenye matope ya grisi ya zamani. Unga wa kutu hutoka ndani kuja nje: huanzia katika mashina ya meno, mahali ambapo vumbi halikupata kufika, na kidole kikiupitisha juu ya jino, uso wa jino chini yake huonekana una vishimo. Fundi aliyefundishwa kutazama unga umeanzia wapi hatadanganyika.

Umbo la jino pia husema. Jino jipya lina kichwa bapa na mbavu zilizonyoka. Likilika, kichwa hupungua na jino huwa na ncha. Zamani Wamakonde na baadhi ya jirani zao walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na huo ulikuwa uzuri. Kwa shafti ni dalili ya mwisho. Aghalabu jino hulika ubavu mmoja zaidi, ule wa kuvuta, likapinda kama ukucha. Lakini pikipiki ipandayo na kuteremka ukingo wa Newala mara kwa mara huyala meno yake pande zote mbili, kwa kuwa wakati wa kuteremka injini huzuia, na mzigo huhamia ubavu wa pili. Yafaa kukumbuka vilevile kwamba nguvu ya injini huzidishwa na gia. Meno ya klachi hubeba nguvu ya injini kama ilivyo, na meno ya gurudumu hubeba nguvu hiyo ikiwa imezidishwa mara kadhaa, hasa katika gia ya kwanza. Ndiyo maana ni ya kutazamwa mara nyingi zaidi.

Juu ya mafuta yenyewe, mazungumzo ya kila siku hutumia neno grisi kama kwamba grisi ni moja. Grisi ya beringi ni nzuri kwa beringi. Ikiwekwa kati ya meno yaingianayo, mgandamizo huisukuma pembeni, mzunguko huirusha nje, na baada ya muda chuma hubaki uchi huku grisi imejikusanya mahali pasipokuwa na kazi, ikidaka vumbi. Kinachotakiwa ni urojo mweusi wenye kiasi kikubwa cha salfaidi ya molibdeni. Ule uliokuwa ukiuzwa na Honda kwa kazi hii ulikuwa na asilimia 60. Molibdeni hiyo ni kama karata: chembe zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka huteleza juu ya mwenzake kwa urahisi, lakini hazikubali upesi kupasuliwa kwa kugandamizwa. Mafuta yaliyoichukua yakikauka au yakisukumwa, yenyewe hubaki imeng'ang'ania chuma. Kiswahili hutofautisha hapa pia, kwa mwenye kusikiliza. Mafuta ya gia hutiwa. Grisi ya beringi hujazwa. Urojo wa meno hupakwa. Mtu akisema "tia grisi kwenye meno," amekwisha kukosea kwa kitenzi kabla hajakosea kwa mkono, kwa sababu kutia kwaelekea wingi, na kupaka kwaelekea uso.

Kazi yenyewe si ndefu upande wa gurudumu. Pikipiki husimamishwa juu ya stendi ya katikati, mahali pagumu pasipodidimia. Katika mchanga wa uwandani yafaa kuweka ubao chini yake. Ekseli hutolewa, gurudumu huvutwa pembeni mpaka meno yaachane. Meno ya pande zote mbili hupigwa brashi kwa mafuta ya taa mpaka mabonde yaonekane chuma, kisha hufutwa na kuachwa yakauke kabisa, maana urojo haushiki juu ya chuma chenye mafuta ya taa. Baada ya kuyatazama, fundi hupaka urojo kwa brashi ndogo, ubavu kwa ubavu, utando mwembamba tu unaobadili rangi ya chuma bila kuyajaza mabonde. Kazi hii hufanywa kila mara gurudumu linapofunguliwa kwa ajili ya tairi, na baada ya msimu wa mvua ikiwa pikipiki ilivushwa katika maji. Kabla ya kufungua, na tena baada ya kufunga, ni vema kuingiza gia na kulitikisa gurudumu mbele na nyuma kwa mkono ili kujua linacheza kiasi gani. Kucheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa gia nazo zina nafasi zake. Kinachotafutwa ni kama kumezidi tangu mara iliyopita, na kwa hiyo sharti kuandikwe.

Upande wa klachi kazi ni kubwa zaidi. Giaboksi hufunguliwa na kurudishwa nyuma kiasi cha kupitisha brashi, na mwenye haraka huahirisha mpaka gia zianze kuingia kwa shida na kwa kelele, kwa sababu sahani imekwama juu ya shafti na klachi haiachii sawasawa. Hapa kiasi cha urojo ni kidogo mno. Kwa meno yote ya shafti hiyo kisizidi punje moja ya mbaazi. Klachi ni kavu. Urojo uliozidi hurushwa na mzunguko ukaangukia uso wa sahani, na klachi huteleza; itateleza hasa mahali pale pale ambapo mzigo ni mkubwa, yaani kwenye kupanda. Vivyo hivyo kwa gurudumu la nyuma la pikipiki za miaka hiyo, ambazo meno ya kitovu yapo karibu na viatu vya breki: urojo ukizidi, wakati wa kuteremka breki haishiki.

Katika jambo hili la breki mna kitu cha kuchekesha kidogo. Wilaya za Newala na Masasi zajulikana kwa korosho. Ndani ya ganda la korosho mna kimiminiko cheusi kikali kichomacho ngozi, ambacho watu hukiita mafuta kama wanavyoita mafuta ya nazi au ya karanga. Viwandani, utomvu utokanao na kimiminiko hicho hutumika katika kutengeneza viatu vya breki na sahani za klachi, kwa kuwa huzifanya zishike na kuvumilia joto. Basi yawezekana fundi wa Newala akawa ameshika mkono mmoja mafuta ya kuteleza, na mkono wa pili kifaa ambacho asili yake ni mafuta ya kushika. Neno mafuta, kama neno meno, halisemi kazi. Kitenzi ndicho kisemacho.

Mtu asidhani kwamba habari hii ni ya pikipiki chache za wasafiri. Kila pikipiki ya bodaboda ina meno yaingianayo. Sproketi ndogo ya mbele ina meno ya nje yashikayo mnyororo, na meno ya ndani yaingiayo katika shafti ya giaboksi. Ni kifaa kimoja chenye meno ya namna mbili, na ya nje hupakwa mafuta kila wiki hali ya ndani husahauliwa mpaka unga mwekundu utoke. Kiki ya kuwashia na pedali ya gia nazo zimevishwa juu ya meno madogo madogo. Hali kadhalika guta, pikipiki ya magurudumu matatu ichukuayo magunia na madumu ya maji, huendeshwa kwa propela, na propela hiyo ina kipande kiteleacho chenye meno, kwa sababu ekseli ya nyuma hupanda na kushuka kwa springi na shafti sharti irefuke na kufupika. Meno hayo hupata grisi kwa chuchu yake ikiwa chuchu haijaziba. Ikiwa imeziba, hukauka na kulika upesi, maana huteleza chini ya mzigo mzito.

Lakini urojo hautibu kila ugonjwa. Ikiwa giaboksi haikukaa sawa na injini, au beringi ya gurudumu imelegea, shafti na tundu lake havitazami mstari mmoja, na mzigo huangukia meno machache au ncha moja ya meno yote. Hapo hata urojo mpya hugeuka mwekundu baada ya safari chache, na kuendelea kupaka ni kupoteza mali. Lazima itafutwe sababu ya kupinda. Pikipiki ya zamani yenye meno yaliyokwisha kulika kupita kiasi haiponywi ila kwa kubadili kitovu cha gurudumu, au kwa kukikata kile cha zamani na kutia kingine kwa karakana yenye mashine ya kukereza, na vifaa vya namna hiyo huagizwa kutoka mbali.

Kwa pikipiki za mnyororo wengine huchagua njia ya mkato: sproketi ya mbele iliyolika meno ya ndani huchomelewa juu ya shafti yake. Pikipiki huenda. Lakini joto la kuchomelea hupika sili ya mpira iliyo nyuma ya sproketi, na mafuta ya giaboksi huanza kudondoka. Na meno ya nje yatakapokwisha, sproketi haitatoka kwa spana, itakatwa kwa msasa wa umeme, na mara nyingi msasa huo hula pamoja nayo meno ya shafti yaliyokuwa bado mazima.